Pingili za Upande Mmoja

Ningekuwa na kaka, nisingetumwa mimi kurudisha mahari yangu mwenyewe. Nalisema hili mapema ili mnielewe kwa nini asubuhi ile nilishuka kutoka kambi ya reli nimenuna, simwangalii mtu, na Mama Julienne wa mandazi aliponiuliza habari za nyumbani nikamjibu, "Nyumba iko palepale."

Mkononi nilikuwa na leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na saa ya baba yangu, saa ya mkufu wa chuma, pamoja na kichupa cha dawa chenye vipande vidogo vya mkufu uleule. Kila nikipiga hatua kichupa kinalia, chaka, chaka, mpaka nikatamani kukitupa ziwani.

Saa ile Prospère, fundi saa, alimletea papa, baba yangu, siku wazee wake walipokuja kujitambulisha kwetu, mwaka wa saba sasa. Mbuzi wa siku ile tulimla. Kitenge walichomletea mama, mama alikivaa mpaka kikafifia. Na kwetu kilicholiwa hakidaiwi, wala kilichoisha mwilini mwa mtu. Lakini saa haikuliwa wala haikuisha. Maadamu iko mkononi mwa baba yangu, Prospère ni mchumba wa Bertille, yaani mimi, na hakuna mzee mwenye akili zake atakayepokea mahari yake kwa binti mwingine.

Na binti mwingine alishapatikana. Anaitwa Falone, wa Kirungu, kule juu kwenye baridi, watu wenye mashamba ya maharagwe. Mjomba wake Prospère, Papa Blanchard, alikuja kwa boti kutoka Moba kuichukua saa, ili akawaonyeshe wakwe wapya kwamba jambo la Kalemie limekwisha. Boti yake ilikuwa inaondoka mchana uleule. Nikiikabidhi saa, basi, Prospère wa watu amekwenda. Na mimi nilikuwa bado nampenda. Niseme uongo kwa faida ya nani?

Mtauliza, kosa la nani? La baba yangu, Papa Isidore, aliyekuwa shefu wa stesheni. Hakumkataa Prospère hata siku moja. Angemkataa, ningelia, ningegombana naye, pengine ningetoroka, na leo yangekuwa yamepoa. Yeye alikuwa anasogeza. Tungoje mvua ipite. Mvua ikapita. Tungoje mama yako apone. Mama hakupona. Tungoje tumalize matanga. Tukamaliza. Tungoje mguu wangu huu. Na mimi ni mtoto wake mmoja tu, njo mimi (kwetu ndiyo tunasema njo) nampikia, njo mimi namfulia, njo mimi naketi naye barazani na cherehani yangu nikishona sare za wanafunzi. Miaka ikapita hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa.

Wazee wa Moba walipotuma neno kwamba wanataka saa yao, papa hakubisha. Aliifungua mkononi, akaitazama, akanipa na kile kichupa.

"Mupelekee," akasema.

"Mimi, papa?"

"Wewe. Iko nani mwingine?"

Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikamletea, akayashika bila kuyanywa.

Basi ndiyo nikashuka mjini.

Meza ya Prospère iko palepale siku zote, chini ya baraza la famasi, kwenye barabara iendayo bandarini. Nilikuwa sijapita hapo muda mrefu. Tangu tulipoambizana kwamba kuonana kunatuumiza bure, nilikuwa nazunguka na njia ya kanisa hata nikienda sokoni kwa nyanya. Zamani mezani palikuwa na saa tupu. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye telefone, na meza imejaa telefone zilizopasuka vioo, na saa mbili tatu zimesukumwa pembeni.

Alikuwa ameinama, kioo cha kukuzia jichoni. Shingo ileile. Shati limepigwa pasi vilevile, maana Prospère hata akiwa na shati moja atalipiga pasi.

"Karibu, mama," akasema bila kuinua kichwa. "Telefone iko na shida gani?"

"Telefone haina shida. Mimi njo niko na shida."

Akakitoa kile kioo jichoni taratibu.

"Bertille."

"Njo mimi."

"Nilijua watamutuma muntu. Sikujua watakutuma wewe."

"Kwetu unajua muntu mwingine?"

Akavuta kigoda, akakifuta kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Ikala."

"Siikali. Chukua saa yako niende."

"Siwezi kuipokea vile. Mujomba anataka irudi nzima, vile ilitoka kwetu. Pingili zote zirudishwe. Kule Kirungu wasije wakasema tumewaletea saa iliyokatwa." Pingili ndiyo jina analoviita vile vipande vidogo vya mkufu, kama pingili za muwa. "Ni kazi ya dakika kidogo tu, Bertille. Ikala."

Nikaketi. Jua lilikuwa kali na miguu ilikuwa imenichoka, wala msinifikirie zaidi.

Akafungua leso yangu, polepole, kana kwamba mna yai. Akailaza saa juu ya kitambaa, akafunga kifungio chake, akaisimamisha. Akaitazama. Halafu akacheka kidogo peke yake, kicheko cha mtu aliyekutwa na aibu yake ya zamani.

"Unacheka nini? Kuna kitu cha kuchekesha hapa?"

"Unaona kitu kwenye hii saa?"

"Naona saa."

"Angalia vizuri. Uso wa saa uko huku juu, si ndiyo? Kifungio kinapaswa kukaa chini kabisa, katikati, pale mishipa inapopita. Muntu akikunja mukono hakisikii. Sasa ona chenyewe kiko wapi."

Nikaangalia. Kweli kifungio kilikuwa kimepanda ubavuni, kimekaa upande kama mlevi.

"Ukipunguza mukufu unatoa moja huku, moja huku," akasema. "Mizani. Hata anayejifunza kazi juma la kwanza anajua. Hapa zimetolewa zote upande mumoja."

"Fundi gani mjinga alifanya hivyo?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Ile siku tulikuja kwenu. Mbele ya wazee wote."

Nikaikumbuka siku ile mara moja, kama mtu amenifungulia dirisha. Wazee wa Moba wamejaa sebuleni, viti tumeazima kwa jirani. Prospère amepiga goti mbele ya papa, vyombo vyake vya kazi kwenye sahani ya mama, anaipima saa kwenye mkono wa mkwe. Papa wakati ule alikuwa mtu mnene, mkono kama mchi, lakini hata hivyo mkufu ulikuwa mkubwa na ilibidi pingili mbili zitoke. Kila mtu anatazama. Mzee mmoja akasema, "Mukwe anayemufunga baba wa bibi arusi pingu!" wakacheka wote, na mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Ee, mama yangu. Alikuwa bado mzima.

"Ulipita na besani ya kunawisha mikono," Prospère akasema. "Ulikuwa umevaa kitenge cha kijani."

"Buluu."

"Kijani, Bertille."

"Nilikishona mwenyewe. Buluu yenye maua meupe."

"Bon. Basi hata rangi sikuiona. Niliona wewe. Mukono ukatoa pingili ya kwanza, macho yangu yako kwako. Ukatoa ya pili palepale. Nilipofunga nikaona kosa, lakini papa alishasimama anawaonyesha wazee mukono wake. Nikanyamaza. Nilizani atarudi kesho nitatengeneza."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikachagua kukasirika, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Yaani papa amevaa kitu cha kumuumiza miaka yote hii? Ile alama kwenye mufupa wa mukono nilizani ni uzee! Nilikuwa namupaka mawese kila jioni!"

"Najua. Aliniambia unamupaka."

"Alikuambia wapi?"

Prospère akashika kijisindano chake cha kusukumia vipini, vile vijiti vya chuma vinavyoshikanisha pingili, akakigeuza-geuza.

"Alikuwa anakuja hapa, Bertille. Ulizani nani anamupunguzia mukufu?"

"Alisema fundi wa ng'ambo ya mto Lukuga!"

"Ni mimi. Anaikala palepale ulipoikala. Ananunuliwa chai ya tangawizi, sukari mingi, anasema usiambiwe juu ya ile sukari."

Jamani. Nilimwonea wivu baba yangu mzazi. Mimi nazunguka na njia ya kanisa kwenye jua, nabeba nyanya kichwani, ili nisije nikauona uso wa huyu mtu nikashindwa kulala. Na mzee mwenye mguu mbovu anakuja hapa na fimbo yake, ananyoosha mkono, anashikwa mkono, anakunywa chai!

"Anakuja kufanya nini?" nikauliza.

Alimwaga zile pingili kutoka kwenye kichupa, zilikuwa nne, akazipanga kwenye kitambaa. Akanionyesha mishale midogo iliyochongwa ndani ya mkufu, inayosema kipini kitoke upande gani. Akasukuma kipini, mkufu ukaachana. Akachukua pingili moja, iliyokuwa bado inang'aa.

"Hii nilitoa mwaka huu, baada ya ile malaria yake. Saa ilikuwa inashuka mpaka ku kiganja. Alisema, 'Mukono unakwisha, mwanangu.'"

"Alikuita mwanangu?"

"Njo vile ananiita."

Akagonga kipini kwa kinyundo, tik, tik, pingili ikaingia. Akachukua ya pili.

"Hii, baada ya kumuzika mama. Alikuja na nguo zake nyeusi. Alinyoosha mukono tu, na mimi nikatoa, na yeye akaenda. Ile siku hata chai hakunywa."

Nikaukumbuka mwezi ule. Papa hakuwa anakula. Nilikuwa namkatia ugali vipande vidogo kama mtoto, namwambia, "Papa, kimoja tu, kwa ajili yangu." Na Prospère alikuwa anakuja jioni, anaketi ukutani na wanaume wengine wa matanga, na hatukuwa tunasemezana, lakini nikitoka nje na sufuria namkuta ameshachota maji. Maji yale sikuyasahau. Kuna wanaume wanasema nakupenda mpaka unachoka, huyu alikuwa anachota maji.

Tik, tik. Pingili ya pili ikaingia.

"Sasa ukamuona anaumia," nikasema, "kwa nini hukutoa upande wa pili, ikae sawa?"

"Nilimuomba. Kila akija namuomba. Nasema, Papa, niruhusu, ni kosa langu, linanitia haya. Anakataa. Anasema toa palepale ulipotoa kwanza."

"Kwa nini?"

"Aka, Bertille, wacha. Ni maneno ya muzee."

"Niambie."

"Hayatakusaidia leo."

"Prospère. Niambie."

Akaweka kinyundo chini. Akatazama barabarani, kule bandarini, si kwangu.

"Alisema, 'Ile siku ulitoa upande mumoja sababu macho yako yalikuwa kwa mutoto wangu. Nikiitengeneza, nitasahau.'"

Telefone moja pale mezani ikaanza kulia, ya mteja, ikalia mpaka ikachoka. Hakuna aliyeigusa.

Mimi nilikuwa nadhani baba yangu haoni. Nilijifariji hivyo miaka yote: muzee haoni, muzee yuko na huzuni yake, siku akiona atanipa njia. Mtu asiyeona unamsamehe. Kumbe aliona tangu siku ya kwanza, akalivaa pendo letu mkononi, likamchoma mfupani, na bado kila asubuhi akaamka akasema tungoje. Machozi yalinitoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni, nikayafuta kwa ileile leso.

"Alijua," nikasema.

"Alijua."

"Na wewe ulijua kwamba anajua. Ukanyamaza!"

"Ulisema nisikuje tena."

"Nilisema usikuje. Sikusema nisiambiwe!"

Akatabasamu kidogo, tabasamu lenye maumivu. Akachukua pingili ya tatu.

"Na Falone?" nikauliza. Nilijiambia sitauliza, nikauliza.

"Nilimuona mara moja, kanisani kule Kirungu. Binti muzuri, anacheka."

"Mimi sicheki?"

"Ulikuwa unacheka."

Hilo neno lilinichoma kuliko yote. Akaliona, akaweka mkono wake mezani karibu na wangu, hakunigusa.

"Unamutaka?"

"Mama yangu amezeeka, Bertille. Wajomba wananiuliza kila Noeli. Nimechoka kungoja. Kukupenda sijachoka, ila kungoja, ee, nimechoka."

Akasema hivyo huku anagonga kipini. Tik, tik. Pingili ya tatu ikaingia. Ikabaki moja kwenye kitambaa, moja tu, ya siku ile ya besani na kitenge cha buluu. Nikaona mkono wake unaiendea. Mkono wangu ukafika kwanza, nikaifunika.

"Bertille."

"Ngoja."

"Mujomba anakuja."

Na kweli alikuwa anakuja. Papa Blanchard, mfupi, kofia kichwani, begi la safari begani, anatembea mbiombio na watu wanampisha. Kwao Moba mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye neno katika ndoa, na huyu neno lake alilijua na alilipenda.

"Iko tayari?" akauliza kabla hata ya salamu. Kisha akaniona. "Ah. Binti. Habari ya papa?"

"Anawasalimia, Papa Blanchard."

"Asante. Prospère, iko tayari? Boti haingoji muntu."

"Imebaki pingili moja, mujomba."

"Weka basi!"

Prospère alinitazama. Mimi nikamtazama. Nakwambieni, kuna mambo mtu unayafikiri miaka saba huyapati, halafu mdomo wako unayasema wenyewe. Nilikunja mkono wa blauzi yangu, nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya kile kitambaa, katikati ya vyombo vyake.

"Ipime kwangu," nikasema.

"Nini?" Papa Blanchard akashusha begi.

"Nasema aipime kwangu. Kwa huu mukono."

"Saa ya mahari? Mwanamuke aivae? Umeona wapi?"

"Papa Blanchard, ule mbuzi mulileta, mumekuja kumudai?"

"Mbuzi mulimukula!"

"Na kitenge cha mama?"

"Mama aliisha nacho, Mungu amurehemu. Lakini saa iko!"

"Iko, na papa ameitoa kwake ameiweka ku mukono wangu. Sasa itakatwa kwa kipimo changu na nitaivaa mpaka iishe. Ikiisha, muje muidai."

Mwenye famasi alikuwa ameshatoka mlangoni, na wateja wake wawili nyuma yake. Papa Blanchard akamgeukia mpwa wake.

"Na wewe? Unaikala kama umemeza sindano! Huyu binti anakuoa hapa barabarani, hausemi kitu?"

Hapo niliogopa. Mpaka hapo nilikuwa nasukumwa na hasira, lakini hasira ilikwisha na nikabaki na mkono wangu mtupu juu ya meza, watu wananitazama. Prospère akiuondoa, nitapita wapi? Hata njia ya kanisa haitatosha.

Prospère akavaa kile kioo chake jichoni.

"Mujomba," akasema, "utanisemea kwa mama kwamba Kirungu siendi. Wale wa Kirungu nitawaambia mimi mwenyewe, kwa heshima. Falone hana kosa."

Kisha akaushika mkono wangu.

Sijui niwaelezeje. Miaka saba ya uchumba, na mtu huyu alikuwa hajanishika mkono mbele ya watu. Aliuzungushia ule mkufu, ukaning'inia kama bangili ya mtu mzima kwa mtoto, akahesabu kwa midomo bila sauti. Akatoa pingili upande huu, akatoa upande wa pili. Akarudi upande huu.

"Usiniangalie," akasema chini chini. "Ukiniangalia nitakosea tena."

"Nani anakuangalia? Naangalia saa yangu."

Akafunga. Kifungio kikakaa chini katikati, baridi, palepale mishipa inapopiga. Akapitisha kidole chake kidogo kati ya chuma na ngozi yangu.

"Inabana?"

"Hapana."

"Tikisa mukono. Inazunguka?"

"Kidogo."

"Hiyo ni nafasi ya joto. Mchana mukono unavimba, asubuhi unapungua. Mukufu usiobakiza nafasi unamuchosha mwenyewe."

Kidole hakukitoa mara moja. Na mimi sikumwambia akitoe.

Papa Blanchard alikuwa ameketi juu ya begi lake, kofia mkononi, anajipepea. Kutoka bandarini tukasikia boti inapiga honi. Alisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Njo ile," akasema kwa huzuni. "Bon. Mimi sichukui neno la binti, wala la mupwa aliyerukwa na akili. Nachukua neno la baba. Twendeni kwa huyo muzee, aniambie mdomo kwa mdomo. Na kuna chakula kwenu?"

Tukapanda sote watatu. Prospère alikuwa ameacha meza yake kwa mtu wa famasi, jambo ambalo hajawahi kulifanya siku ya kazi. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba yangu, maneno makali, nimeyanoa yote.

Papa alikuwa ameketi mlangoni, redio imezimwa. Alipotuona alifanya kile anachofanya siku zote mtu akija: aliinua mkono wake wa kushoto kuangalia ni saa ngapi. Mkono ulikuwa mtupu, una ile alama tu. Halafu akaona wangu. Akaangalia muda mrefu.

Papa Blanchard akakohoa, akaanza, "Muzee mwenzangu, sisi watu wa Moba tuliwatumia neno..."

Papa akainua kiganja, akamnyamazisha. Akanitazama mimi.

"Nani atanipikia?" akauliza.

Miaka saba! Mvua, matanga, mguu, na swali lenyewe lilikuwa hilo. Yale maneno niliyoyanoa yote yakanipotea.

"Papa, tutapanga nyumba nyuma ya famasi," Prospère akasema. "Kutoka kule mpaka hapa chakula kinafika kingali moto."

"Sikukuuliza wewe."

"Ndiyo, papa."

"Chakula kinafika," papa akasema, bado ananitazama mimi. "Halafu aliyekileta anarudi kwake. Jioni nabaki mimi na viti. Naiogopa hii nyumba, Bertille. Tangu mama yako aende, naiogopa. Njo ile tu. Ule mguu ulipona zamani."

Nikapiga magoti mbele yake, nikaushika ule mkono wenye alama.

"Nimekukasirikia sana, papa."

"Najua."

"Ulijua yote, na bado ukanifungia."

"Nilijua." Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Nilikuwa nasema, mwaka mumoja tena, halafu nitamuacha aende. Mwaka mumoja tena."

"Mimi nakwenda, papa. Nakupenda na nakwenda. Nitakuja kila siku, na ukitaka kuja kwetu kitanda kiko. Lakini nakwenda."

Nilikuwa sijawahi kumwambia baba yangu neno ambalo halikuwa ndiyo. Nilidhani atanguruma. Aliutazama mkono wake ndani ya wangu, mwembamba kama wa mtoto, kisha akautoa, akajishika kwenye mwimo wa mlango, akasimama. Prospère alitaka kumsaidia, akakataa.

"Papa Blanchard," akasema, na ilikuwa ile sauti yake ya stesheni, ambayo sikuisikia tangu mama afe. "Boti yako imekwenda?"

"Imekwenda, muzee."

"Basi utalala hapa. Viti viko vingi. Tuma neno kwa mama ya huyu kijana, akuje na watu wake, Jumamosi hii."

"Jumamosi hii hii?"

"Hii hii." Akamgeukia Prospère, akamwekea mkono begani, sijui ni kwa kumbariki au kwa kujishikilia. "Kuja mapema, mwanangu. Na kama ukinikuta nimelala, uniamushe."